Kusoma Udongo Kabla ya Kupanda Bustani

Katikati ya mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, upo ukanda mwembamba wa bustani za umma unaopita baina ya majengo marefu ya biashara. Urefu wake ni karibu kilomita mbili na nusu. Watu hupumzika hapo chini ya miti, watoto hucheza kwenye maji yarukayo, na wafanyakazi wa ofisi hukaa juu ya majani wakila chakula chao cha mchana. Bustani hiyo huitwa Rose Kennedy Greenway, kwa heshima ya mama yake Rais John F. Kennedy, aliyezaliwa mwaka 1890 katika mtaa ulio jirani. Ilifunguliwa rasmi mwaka 2008.

Mgeni aitazamapo aweza kudhani kwamba ardhi hiyo imekuwa tulivu siku zote. Sivyo. Chini ya majani hayo imo barabara kuu ipitayo ndani ya handaki la zege, na katika sehemu kubwa ya ukanda huo udongo wa kale haupo tena. Ulichimbwa, ukachukuliwa na magari, ukaenda kumwagwa mahali pengine. Habari za watu waliokaa pale katika karne ya 17 na ya 18 zingekwenda pamoja na udongo huo, lau kama wataalamu wa akiolojia wasingepewa nafasi ya kuichunguza ardhi kabla ya mitambo kuanza kazi.

Makala haya yanaeleza jinsi uchunguzi huo ulivyofanywa, kanuni za kisayansi zilizouongoza, na mambo tunayoweza kujifunza sisi ambao kila mwaka tunafungua barabara, mabomba, viwanja na shule mpya.

Barabara mbili, sheria moja kati yake

Mnamo miaka ya 1950 wakuu wa Massachusetts walijenga barabara kuu iliyopita katikati ya Boston juu ya nguzo za chuma. Ilikamilika mwaka 1959. Ili kuipisha, nyumba nyingi zilibomolewa na watu wapatao 20,000 wakahamishwa. Hakuna sheria wakati ule iliyowalazimu wajenzi kuuliza ni kitu gani kilichokuwa chini ya misingi ya nyumba hizo. Kila nguzo iliposimikwa ilipasua kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

Barabara hiyo ilikuwa imekusudiwa kupitisha magari 75,000 hivi kwa siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yamekaribia 200,000, na misongamano ilidumu kwa saa nyingi kila siku. Iliamuliwa kwamba barabara izamishwe chini ya ardhi, na mahali pake juu pawe bustani. Ujenzi ulianza mwaka 1991. Pahali pengine mahandaki yalikwenda chini kiasi cha mita 36.

Lakini baina ya barabara ya kwanza na ya pili ilikuwa imetungwa sheria. Mwaka 1966 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Taifa ya Kuhifadhi Mambo ya Kihistoria. Kifungu chake cha 106 kinaitaka kila idara ya serikali kuu inayojenga, inayotoa fedha au inayotoa kibali cha ujenzi, ifikirie kwanza madhara ya kazi hiyo kwa mahali pa kihistoria. Sheria haisemi kwamba ujenzi usiendelee. Inasema kwamba asiharibu mtu kitu bila ya kukijua.

Kwa nini mahali pa kitu ni elimu

Baadhi ya watu hudhani kwamba mwanaakiolojia ni mtu atafutaye vitu vya thamani. Fikra hiyo si sahihi. Kigae cha chungu kilichookotwa barabarani hutuambia machache. Kigae hicho hicho kikionekana ndani ya tabaka fulani, karibu na mifupa ya samaki, juu ya jivu na chini ya ukuta ulioanguka, chaweza kutuambia ni lini watu walipika, walikula nini, na nyumba yao iliharibika kabla au baada ya hapo.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: mahali ambapo ardhi haijavurugwa, tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Kanuni ya pili yahitaji uangalifu zaidi: tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichofungiwa ndani yake. Tuchukue mfano wa sarafu. Boston ilianza kupiga shilingi zake mwaka 1652, na kazi hiyo iliendelea kwa kiasi cha miaka 30. Hata hivyo shilingi hizo ziliendelea kuandikwa 1652, ingawa nyingi zilipigwa miaka mingi baadaye. Mwanafunzi akiikuta shilingi hiyo katika tabaka, hana ruhusa ya kusema kwamba tabaka ni la mwaka 1652. Aweza kusema tu kwamba tabaka si la kabla ya 1652. Lililobaki atalitafuta kwa ushahidi mwingine.

Kutokana na kanuni hizi mbili twaona hasara ya kuchimba ovyo. Tingatinga halivunji vyungu tu. Huchanganya matabaka, na matabaka yakisha kuchanganyika hayapangiki tena. Hata mwanaakiolojia mwenyewe huharibu mahali anapopachimba. Tofauti yake ni kwamba yeye huandika, hupima, huchora na hupiga picha kila hatua, ili yule asiyekuwapo aweze kuyaona matabaka hayo katika karatasi.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi wa ardhi kabla ya ujenzi hauanzi kwa jembe. Huanza maktabani. Huko Boston watafiti walikusanya ramani za kale, hati za mauzo ya viwanja, kumbukumbu za kodi na za mahakama, wakalinganisha kila ramani na njia itakayopita barabara mpya. Walitaka kujua mambo mawili: watu waliishi wapi, na ni wapi ambapo ardhi bado haijaguswa.

Swali la pili lilikuwa gumu. Mji huo una umri wa karibu karne nne. Sehemu nyingi za njia hiyo zilikuwa zimekwisha kuchimbwa kwa ajili ya vyumba vya chini vya majengo, mabomba ya maji na nguzo za barabara ya kwanza. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya Boston ya leo si ardhi ya asili, bali ni bahari na mabwawa yaliyojazwa kifusi. Bwawa moja kubwa, lililozibwa katika miaka ya 1640 ili maji yake yaendeshe vinu vya kusaga, lilijazwa kifusi mapema katika karne ya 19. Udongo wa juu ulipoondolewa, kingo za kale zilikuwa bado zipo chini yake.

Hatua ya pili ni majaribio. Mahali panapotia matumaini huchimbwa mashimo madogo au mitaro mifupi, kwa vipimo vilivyopangwa. Udongo wa kila shimo huchekechwa, rangi yake huandikwa, na kina chake hupimwa. Mashimo mengi hayatoi kitu. Na hilo pia ni jibu, kwa kuwa linamruhusu mjenzi kuendelea bila ya kusubiri.

Hatua ya tatu ni uamuzi. Mahali palipoonekana kuwa na maana hutazamwa kwa swali hili: je, ujenzi unaweza kupapisha? Bustani ina nafasi ambayo jengo halina. Njia ya miguu yaweza kupindishwa, mti waweza kupandwa hatua kumi kando, na udongo wa kuotesha majani waweza kumwagwa juu ya ardhi ya kale bila ya kuichimba. Lakini handaki la magari halipindi kirahisi. Pale ambapo mahali hapawezi kupishwa, hufuata hatua ya nne, yaani uchimbaji kamili kwa mwiko wa mwashi, brashi na chekeche, kabla ya mitambo kuingia. Hatua ya tano ni kazi ya maabara, ambayo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko uchimbaji wenyewe.

Choo cha Bibi Katherine

Miongoni mwa mahali palipochimbwa katika miaka ya 1990, pamoja palikuwa uani, nyuma ya mahali zilipokuwa nyumba, karibu na mtaa wa Cross katika sehemu ya kaskazini ya mji. Uani huwa na bahati: vyumba vya chini vya majengo mapya huchimbwa mara nyingi upande wa barabarani, na nyuma hubaki. Hapo watafiti walikuta shimo lililojengwa kwa matofali. Lilikuwa choo cha karne ya 17.

Hati za viwanja zilionyesha kwamba kiwanja kile kilikuwa cha Katherine Nanny Naylor. Bibi huyu alizaliwa Uingereza, akaletwa Massachusetts akiwa mtoto mwaka 1636. Baba yake, Mchungaji John Wheelwright, alifukuzwa katika koloni mwaka uliofuata kwa ugomvi wa dini. Katherine aliolewa na Robert Nanny, mfanyabiashara aliyekuwa na shughuli katika kisiwa cha Barbados, akafiwa naye mwaka 1663. Aliolewa tena na Edward Naylor. Ndoa hii ilikuwa ya mateso. Mwaka 1671 mahakama ilimpa talaka kwa sababu ya zinaa na ukatili wa mumewe, jambo lililokuwa nadra sana kwa mwanamke wa wakati ule.

Haya yote yalikuwa katika hati. Hati za mahakama hueleza siku za ugomvi. Hazielezi siku za kawaida. Siku za kawaida zilikuwa ndani ya shimo. Kwa kuwa lilikuwa na unyevu na hewa haikupita, bakteria waozeshao vitu hawakuweza kufanya kazi yao sawasawa, na vitu ambavyo kwa kawaida huoza upesi vilibaki. Mlikuwamo mbegu na kokwa za matunda, zaidi ya robo milioni, nyingi zikiwa za plamu na cheri. Mlikuwamo viatu vya ngozi, mifupa ya wanyama na samaki, vyombo vya udongo na vya kioo vilivyotoka nchi mbalimbali za Ulaya, na vipande zaidi ya mia moja vya nguo, baadhi yake vikiwa vya hariri na utepe wa kufumwa.

Hariri hiyo ina neno la kutuambia. Mwaka 1651 koloni lilipitisha sheria ya kuwakataza watu wenye mali kidogo kuvaa nguo za fahari. Vitabu vingi vimewaeleza Wapuritani wa Boston kuwa watu waliojinyima kila pambo. Shimo la choo laonyesha kwamba, angalau katika nyumba hii ya mfanyabiashara, mambo hayakuwa hivyo.

Pamoja na vitu hivyo ulionekana mpira wa mbao uliochongwa kwa keezo, wa mchezo wa kuviringisha mpira juu ya majani. Unahesabiwa kuwa mkongwe kupita mipira yote ya aina yake iliyopata kuonekana Amerika ya Kaskazini. Sheria za koloni zilikataza mchezo huo katika nyumba za vileo. Hatujui ni nani aliyeutupa mpira ule chooni, wala kwa nini. Lakini twajua kwamba katika uwanja huo mtu aliwahi kucheza.

Kitu kilichoonekana kwa hadubini

Kitu kidogo kuliko vyote hakikuonekana kwa macho. Udongo wa choo ulipotazamwa kwa hadubini, yalionekana mayai ya minyoo ya aina mbili: mnyoo mkubwa wa mviringo na mnyoo mjeledi. Mayai hayo yana ganda gumu, na ndiyo sababu hudumu kwa mamia ya miaka. Mtu huyapata kwa kula chakula au kunywa maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo nyumba yenye hariri na vyombo vya ng'ambo ilikuwa pia nyumba ya watu wenye minyoo tumboni. Wadudu waharibuo nafaka walionekana pia.

Wanafunzi wetu wanawafahamu minyoo hawa. Ni wale wale ambao dawa zake hutolewa katika shule za Afrika ya Mashariki hadi leo. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha mzunguko wa maisha ya mnyoo, na mwalimu wa historia anayefundisha makoloni ya Kiingereza, wanaweza kukutana katika shimo hili moja.

Viko na hesabu

Watu wa karne ya 17 na ya 18 walivuta tumbaku kwa viko vya udongo mweupe, vilivyovunjika upesi na kutupwa. Vipande vya mirija yake huonekana kwa wingi katika miji kama Boston. Mwaka 1954 mtaalamu wa Kimarekani, J. C. Harrington, alionyesha kwamba tundu la mrija lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyopita, kwa kuwa mafundi walizidi kurefusha mirija. Kati ya 1620 na 1650 matundu mengi yalikuwa na upana wa sehemu 8 za 64 za inchi, yaani milimita 3.2 hivi, kufikia nusu ya pili ya karne ya 18 yalikuwa sehemu 4 za 64, yaani milimita 1.6.

Mapema katika miaka ya 1960 Lewis Binford aliugeuza uhusiano huo kuwa mlinganyo wa mstari mnyoofu:

Y = 1931.85 − 38.26X

X ni wastani wa upana wa matundu kwa sehemu za 64 za inchi, na Y ni mwaka wa katikati wa rundo hilo. Tuseme darasa limepewa vipande vingi vyenye wastani wa 7. Tukizidisha 38.26 kwa 7 twapata 267.82, tukitoa katika 1931.85 twapata 1664. Wastani ukiwa 5, jibu ni karibu 1741. Wanafunzi wazingatie mambo mawili. Kipande kimoja hakitoshi, kwa kuwa kanuni hii ni ya wastani. Tena mlinganyo haufai kwa viko vya mwishoni mwa karne ya 18 na baada yake, kwa kuwa mwelekeo ule ulikoma. Mstari ulionyooka katika grafu hauna haki ya kuendelezwa nje ya vipimo vilivyouzaa.

Yaliyobaki na yaliyopotea

Ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Charlestown, kazi za barabara hiyo hiyo zilifichua misingi ya nyumba iliyojengwa mwaka 1629 kwa ajili ya Gavana John Winthrop. Baadaye iligeuzwa kuwa nyumba ya wageni, ikateketea mwaka 1775 vita vya uhuru vilipoanza. Leo mahali hapo ni bustani ndogo ya umma, na mawe yaliyopangwa yanaonyesha umbo la misingi hiyo. Mtoto aweza kutembea kutoka chumba hadi chumba. Katika kisiwa cha Spectacle, kilichopokea kifusi cha handaki, lilichunguzwa kwanza rundo la makombe ya wenyeji wa asili walioishi kwa samaki na chaza kabla ya kufika kwa Wazungu. Kisiwa hicho nacho sasa ni bustani.

Hata hivyo haifai kuisifu kazi hii kupita kiasi. Akiolojia ya namna hii huchimba mahali barabara inapopita, si mahali swali la elimu linapotaka. Hufanywa kwa haraka, huku mkandarasi akihesabu siku. Na haiwezi kurudisha kilichovunjwa na nguzo za miaka ya 1950. Tena, vitu vilivyotolewa vinahitaji ghala, dawa za kuhifadhia na watu wa kuvisoma. Bila ya hivyo, kuchimba ni kuhamisha hasara kutoka ardhini hadi kwenye masanduku.

Huku kwetu

Katika Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inahifadhi vitu vilivyotengenezwa na majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inakataza mtu kuchimba bila ya kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Nchini Kenya ipo Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Kwa hiyo sheria zipo. Kinachohitajika ni macho ya watu waliopo mahali penyewe, kwa kuwa mtaalamu hawezi kuwa katika kila kijiji siku ile greda linapofika. Pwani yetu ina vigae vya kauri vya China na vyombo vya Uajemi, kama vilivyochimbwa Kilwa. Bara kuna majivu ya matanuri ya chuma na makaburi ambayo wazee bado wanayajua. Mengi ya haya hayana ukuta wala kibao.

Zoezi kwa shule

Shule ikiwa inakusudia kufungua bustani, kiwanja au njia mpya, darasa laweza kufanya hatua ya kwanza ya uchunguzi bila ya kuchimba hata kidogo.

Kwanza, waulizeni wazee mahali pale palikuwa nini, na nani alikaa hapo. Andikeni majibu ya kila mmoja mbali mbali, hata kama yanapingana. Pili, gaweni uwanja kwa kamba katika miraba ya mita 10 kwa 10, na kila mraba upewe namba. Tatu, wanafunzi watembee polepole kwa mstari, umbali wa mita mbili baina yao, wakihesabu vigae, mavi ya chuma, makombe au mawe yaliyopangwa. Wasiokote kitu, waandike mahali kilipo, kisha wakiache. Nne, chorani ramani katika karatasi ya miraba na kutia kivuli kila mraba kwa kadiri ya hesabu yake. Mara nyingi picha ya makazi ya kale itaanza kujitokeza.

Ikiwa miraba fulani imejaa kuliko mingine, mwalimu na apeleke ramani hiyo kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya au kwa Idara ya Mambo ya Kale, na mkuu wa shule aombwe kusubiri au kuisogeza njia kidogo. Kuisogeza njia kwa hatua ishirini hugharimu kamba na vigingi vichache wakati ambapo bado haijaanza kulimwa.